Mtoto anashiba kila siku, lakini nimeambiwa amedumaa. Inawezekanaje?

MamaPendo

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Naomba mnivumilie kwa maelezo marefu kidogo, kwa kuwa jambo hili limenikosesha usingizi tangu juzi na kila ninayemweleza nyumbani ananijibu kwa kucheka.

Binti yangu ametimiza miaka miwili. Miezi yote iliyopita tulipokwenda kliniki alikuwa akining'inizwa kwenye mzani tu, uzito unaandikwa kwenye kadi, tunarudi nyumbani. Sikumbuki hata mara moja alipopimwa urefu. Juzi tulimkuta muuguzi mgeni ambaye alimlaza kwenye ubao wa kupimia, akamnyoosha magoti taratibu, akasogeza kibao cha chini mpaka kikagusa nyayo, akasoma sentimita 78. Uzito ulikuwa kilo 9.8. Akasema uzito si mbaya, ila urefu uko chini ya mstari, na kwamba mtoto huyu amedumaa kwa sababu ya lishe duni. Foleni ilikuwa ndefu na mwenzangu wa nyuma alikuwa amekwisha kuvua nguo za mtoto wake, basi nikatoka na kadi mkononi bila kuuliza lolote.

Mtoto wangu halali na njaa. Anakula mpaka anasukuma bakuli, mapaja yamejaa, na wageni humsifia. Mimi na baba yake sote ni wafupi, kwa hiyo nilidhani amerithi. Mama mkwe ananishauri nimwongezee mafuta na sukari kwa wingi ili anenepe, na yaishe. Naomba wenye ujuzi wanieleze: mtu anayeshiba anawezaje kuwa na utapiamlo? Na kama ni kweli, madhara yake ni ufupi tu au kuna mengine?

AfisaLishe

Dada MamaPendo, pole kwa wasiwasi. Mimi ni afisa lishe, na swali lako naulizwa karibu kila wiki, mara nyingi na mama anayedhani anatuhumiwa kumnyima mwanawe chakula. Hutuhumiwi.

Kushiba ni taarifa ya tumbo, nayo inasema jambo moja tu: nafasi imejaa. Tumbo halina namna ya kujua kama kilicholijaza kina madini chuma, zinki, vitamini A au protini iliyo kamili. La mtoto wa miaka miwili ni dogo, na likishajazwa uji mwepesi mtoto atasukuma bakuli kwa haki kabisa, ingawa sehemu kubwa ya alichomeza ni maji na wanga. Kesho yake ni hivyo hivyo. Hapo ndipo unapompata mtoto asiyelia njaa ambaye mwili wake unakosa vifaa vya kujengea.

Sasa tuangalie vipimo vyako, maana vinaeleza mengi. Msichana wa miaka miwili akipimwa amelala, urefu wa katikati ni takriban sentimita 86, na mpaka wa udumavu ni sentimita 80. Binti yako yuko chini ya mpaka huo, ingawa hajafikia udumavu mkali, ambao huanzia chini kidogo ya sentimita 77. Uzito wa kilo 9.8 unalingana vizuri na mtoto wa sentimita 78, ndiyo maana unayaona mapaja yamejaa. Na kwa kuwa mpaka wa uzito pungufu kwa umri wake ni kilo 9, mzani peke yake usingeweza kukushtua. Mzani haukudanganya; uliulizwa swali dogo. Kupima uzito bila urefu ni kosa ninalolipigia kelele kila ninapopata nafasi, kwa sababu linawaacha watoto wa aina hii wapite mwezi baada ya mwezi wakiandikiwa kwamba wanaendelea vizuri.

Kuhusu kurithi: ufupi wa wazazi una nafasi yake, na mtu mmoja mmoja hutofautiana na mwenzake. Lakini viwango tunavyotumia havikutokana na watoto wa taifa moja refu. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wapatao 8,500 katika nchi sita, yaani Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, wote wakiwa wamenyonyeshwa vizuri, mama zao hawavuti sigara, na makazi yao ni safi. Katika miaka ya mwanzo watoto hao walikua kwa namna inayofanana mno, licha ya tofauti zote za asili yao. Viwango vilivyochapishwa mwaka 2006 vilitokana na kazi hiyo. Isitoshe, ningependa kukuuliza kwa upole kama wewe na mzazi mwenzako mlifikia urefu ambao mlistahili kuufikia. Ufupi wa familia nzima wakati mwingine ni lishe duni ya vizazi viwili, si damu.

Kuna jambo lingine ambalo huwa silikuti kwenye mabango ya kliniki, nalo ndilo lililonifungua macho mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi. Daktari Michael Golden aliyagawa mahitaji ya mwili katika makundi mawili. Kundi la kwanza lina madini chuma, madini joto, vitamini A na mengine kama hayo. Mtu akiyakosa anaendelea kukua kwa muda, lakini akiba inapungua mpaka ugonjwa wenye jina unajitokeza: upungufu wa damu, rovu shingoni, kutoona vizuri wakati wa magharibi. Kundi la pili lina zinki, fosforasi, potasiamu, magnesiamu, salfa na chembe za msingi za protini. Hivi hutumika pamoja katika kila seli mpya, na mwili hauna ghala kubwa la kuvihifadhi. Kimojawapo kikipungua, mwili haufanyi seli dhaifu, unaacha kutengeneza. Ni kama fundi aliyeishiwa saruji: mchanga uwe lori kumi, ukuta hausogei. Hakuna upele, hakuna homa, hakuna dalili ya kumpeleka mama kwa daktari. Mtoto anaacha tu kurefuka, na hamu ya kula nayo hupungua, hivyo anashiba haraka zaidi.

Nigusie na utumbo. Mtoto anayeharisha mara kwa mara, au anayemeza vijidudu kila siku bila hata kuharisha, ukuta wa ndani ya utumbo wake hubadilika. Vile vijidole vidogo vidogo vinavyofyonza chakula husinyaa, ukuta unavuja, na kinga ya mwili inabaki ikipigana vita visivyokwisha ambavyo navyo vinakula virutubisho. Ndiyo maana watoto wawili wanaokula chakula kilekile wanaweza kukua tofauti kabisa, na ndiyo maana nitataka kujua, dada, binti yako ameharisha mara ngapi mwaka huu.

MwalimuMstaafu

Bila kuwavunjia heshima wataalamu, naomba kutofautiana kidogo. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini na nimewaona wanafunzi wafupi wakiwaacha mbali wenzao warefu, darasani na uwanjani. Ufupi si ugonjwa. Naogopa kwamba tunachukua rula, tunachora mstari, kisha tunawatia hofu kina mama ambao watoto wao wanacheza na kucheka kama kawaida. Je, kuna ushahidi gani kwamba sentimita nane zina maana yoyote katika maisha ya mtu?

AfisaLishe

Mwalimu, shikamoo. Nusu ya hoja yako naikubali bila ubishi, na natamani wataalamu wenzangu wangeitamka mara nyingi zaidi: ufupi wenyewe haumdhuru mtu. Mtoto mmoja aliye chini ya mstari anaweza kuwa mzima wa afya, na mwingine aliye juu ya mstari anaweza kuwa amepoteza mengi kuliko alivyostahili. Urefu tunautumia kama ushahidi. Mifupa ya miguu ni sehemu ya mwili inayoonekana na kupimika kwa ubao wa mbao. Ubongo, kinga na kongosho vilikuwa vikijengwa katika miezi ileile, kwa vifaa vilevile, navyo hatuna ubao wa kuvipimia.

Ubongo hasa. Mtoto anapofikisha miaka miwili, ubongo wake umekwisha kufikia takriban robo tatu au zaidi ya uzito wa ubongo wa mtu mzima. Madini chuma yanahitajika kutengeneza utando unaoharakisha mawasiliano ya mishipa ya fahamu, na madini joto yanahitajika tangu mimba ikiwa changa, kwa kuwa bila homoni ya tezi ya shingo ubongo wa kichanga haupangiki inavyopasa. Uswisi, ambako rovu na ulemavu wa akili vilikuwa jambo la kawaida katika mabonde ya milimani, ilianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922, na hali hiyo ikatoweka hatua kwa hatua. Watoto wale hawakuwa wakilala njaa.

Umeuliza ushahidi wa maisha ya mtu, nami nitakupa mmoja ninaouheshimu. Nchini Guatemala, kuanzia mwaka 1969 hadi 1977, vijiji viwili vilipewa kinywaji chenye protini na nishati ya kutosha, na vijiji vingine viwili vikapewa kinywaji chepesi kisicho na protini. Watafiti hawakuishia hapo. Waliwatafuta watoto wale walipokuwa watu wazima. Wanaume waliokipata kinywaji cha kwanza wakiwa hawajatimiza miaka mitatu walikuwa wakilipwa kwa saa karibu asilimia 46 zaidi ya wenzao. Waliokipata wakiwa wakubwa kuliko hapo hawakuonyesha faida hiyo. Kinywaji ni kilekile, vijiji ni vilevile. Kilichotofautiana ni umri. Ndiyo maana tunazungumzia siku 1,000 za mwanzo, kuanzia kutungwa mimba hadi siku ya kuzaliwa ya pili.

Upande wa mwili mzima, Uholanzi ilipata njaa kali katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, njaa iliyoanza ghafla na kwisha ghafla, kiasi kwamba mtu anaweza kujua mimba ipi iliguswa katika mwezi gani. Waliokuwa tumboni wakati ule walipozeeka walionekana kuwa na shida zaidi ya kudhibiti sukari mwilini, na wale walioguswa mimba zikiwa changa walipata zaidi magonjwa ya moyo. Mwili uliojipanga tumboni kuishi kwa uhaba hupata tabu baadaye chakula kinapokuwa kingi. Na msichana aliyedumaa akija kuwa mama, nyonga yake nyembamba humweka katika hatari ya uzazi pingamizi, yaani mtoto kukwama wakati wa kujifungua, naye huelekea kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, ambaye ataanza maisha pale pale alipoanzia mama yake.

Mwaka 2022 makadirio ya mashirika ya kimataifa yalihesabu watoto wapatao milioni 148 wa chini ya miaka 5 waliodumaa duniani. Nakubaliana nawe kwamba mama mmoja aliyekaa na kadi yake hapaswi kubebeshwa hofu ya idadi hiyo. Lakini kumwambia asijali nako, akiwa bado ana muda, ni kumnyima kitu.

MuuguziWodini

Nimefuatilia mjadala huu nikiwa kwenye zamu ya usiku. Mengi yameelezwa vizuri, ila naona tumezungumzia udumavu peke yake, na ushauri wa mama mkwe wa kumnenepesha mtoto haujajibiwa. Mimi nafanya kazi kwenye wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali, na ninawajua watoto wa aina mbili ambao MamaPendo hana, namshukuru Mungu, lakini wasomaji wengine wanaweza kuwa nao nyumbani.

Wa kwanza ni mwenye ukondefu mkali. Huyu kila mtu anamtambua: ngozi ya makalio imelegea kama suruali iliyompwaya, mbavu zinahesabika, uso ni wa mzee. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono wa juu ukiwa chini ya milimita 115 tunasema ni mkali. Kati ya milimita 115 na 125 ni wa kadiri. Utepe wa rangi tatu unatosha, hata mama anaweza kufundishwa kuutumia.

Wa pili ndiye anayepotea machoni pa watu, kwa sababu anaonekana mnene. Mashavu yamejaa, miguu imejaa, nywele zimekuwa nyepesi na rangi imefifia, lakini mtoto mwenyewe amenuna, hataki kuguswa, hataki chakula. Hiyo ni kwashakoo, ambayo wengine huiita unyafuzi. Kilichojaa ni maji. Ukibonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa unyayo, kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu polepole, kisha ukaachia, shimo linabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Likibaki kwenye miguu yote miwili, huyo mtoto halali nyumbani usiku huo. Daktari Cicely Williams aliuandika ugonjwa huu katika miaka ya 1930 alipokuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, na jina alilichukua kwa wenyeji wa kabila la Waga, ambao kwao lilikuwa na maana ya ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi yake mdogo wake alipozaliwa. Kina mama wale walikuwa wameuelewa muda mrefu kabla yake. Zamani tulifundishwa kwamba chanzo ni ukosefu wa protini tu. Leo maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa wapo watoto waliokula protini kidogo kama wao ambao hawavimbi.

Nije kwenye kunenepesha. Mwili ulioishi kwa uhaba hufunga baadhi ya shughuli ili moyo na ubongo viendelee: joto linashuka, moyo unapiga kinyonge, ini na figo vinafanya kazi nusunusu, tezi ya thaimasi inayolea askari wa kinga inasinyaa. Ndiyo maana mtoto wa aina hiyo anaweza kuwa na nimonia bila homa hata kidogo, na ndiyo maana surua au kuhara, ambavyo mwenzake angevipita kwa wiki moja, vinamuua. Takriban nusu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 duniani vinahusishwa na lishe duni, lakini kwenye vyeti vya vifo utasoma kuhara, utasoma nimonia. Lishe haiandikwi.

Mwili kama huo ukijazwa chakula kingi kwa ghafla, insulini, homoni inayodhibiti sukari, inapanda na kuisukuma potasiamu, fosfeti na magnesiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli, na akiba yake ilikwisha zamani. Moyo unakosa mpangilio. Baada ya kambi za mateso za Wanazi kukombolewa mwaka 1945 baadhi ya waliookolewa walikufa hivyo hivyo, mikononi mwa watu waliokuwa wakiwapa chakula kwa huruma. Kwa hiyo wodini tunaanza na maziwa maalumu ya kalori 75 kwa kila mililita 100, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na madini chuma tunayazuia kwanza mpaka maambukizi yatulie na hamu ya kula irudi. Ndugu wa wagonjwa hawapendi. Nakumbuka bibi mmoja aliyenitazama nikipima maziwa kwenye kikombe kidogo saa tisa usiku akaniuliza, "Mwanangu, mnamnyima?" Nilikaa chini nikamweleza, naye tangu hapo akawa ndiye anayeniamsha saa ya kikombe kinachofuata ikifika.

Mtoto akiwa na hamu ya kula na hana maradhi mengine, siku hizi hatumlazi. Tangu mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yamekubaliana kwamba anaweza kutibiwa nyumbani kwa chakula dawa, ule urojo mzito uliofungwa kwenye pakiti, ambao hauhitaji maji wala kupikwa, huku akirudi kupimwa kila wiki. Ni dawa yake peke yake, si ya kugawana na kaka zake.

KakaMkubwa

Nashukuru kwa elimu hii. Naomba niongeze swali lililo jirani: je, mambo haya yanawahusu watu wazima? Baba yetu ana miaka 74. Tangu alipougua miezi minne iliyopita amepungua kutoka kilo 68 hadi 61, na tunaambiana ni uzee. Amekuwa mkali, analalamika baridi hata mchana, na kidonda kidogo cha kisigino hakifungi.

MuuguziWodini

Kaka, uzee haumpunguzi mtu kilo saba kwa miezi minne. Kwa mtu mzima, kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita bila kukusudia ni ishara ya kutosha ya kumpeleka akachunguzwe, na baba yetu amepoteza zaidi ya asilimia 10. Huenda kuna ugonjwa unaojificha, huenda ni meno, kumeza kwa shida, dawa zinazokata hamu ya chakula, au huzuni.

Ukali na baridi ulivyovitaja si tabia mpya ya mzee. Kule Minnesota, Marekani, kati ya mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 waliojitolea, wazima kabisa, walipunguziwa chakula kwa miezi sita chini ya usimamizi wa mtafiti Ancel Keys, mpaka wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Wakawa watu wengine: wenye hasira, wasiopenda mazungumzo, wanaosikia baridi wakati wa joto, wanaowaza chakula tangu asubuhi mpaka usiku. Miguu ya baadhi yao ilivimba. Waliporudishiwa chakula ilichukua miezi mingi kabla ya kujiona sawa.

Na kidonda kisichofunga ni lishe pia, pamoja na kwamba lazima apimwe sukari. Mwili unaokosa protini kwenye sahani huitoa kwenye misuli, na misuli ya kifua ni misuli kama mingine. Mzee akikosa nguvu ya kukohoa, mafua madogo hugeuka nimonia. Mpelekeni wiki hii.

MamaPendo

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nikiwa na mume wangu. Kumbe mama yake alishazoea kusema kwamba ukoo wao ni mfupi, ila mdogo wa mwisho wa mume wangu, aliyezaliwa mambo yalipokuwa yamekaa vizuri, amewazidi wote kwa kichwa kizima. Hatukuwahi kujiuliza kwa nini.

Afisa uliniuliza kuhusu kuharisha. Nimehesabu kwa kadi na kwa kumbukumbu: mara saba tangu alipoanza kula. Na kila alipoharisha nilikuwa nampa vitu vyepesi zaidi ili tumbo lipumzike. Nilimwachisha kunyonya akiwa na miezi kumi na tatu. Nifanye nini sasa, na nimechelewa?

AfisaLishe

Ahsante kwa kusema kweli, dada. Mara saba ni nyingi, na huenda hapo ndipo urefu ulipopotelea kwa sehemu kubwa, hasa kwa kuwa chakula kilipunguzwa kila mara mwili ulipokuwa ukihitaji zaidi. Akiharisha tena, mpe maji ya chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, na zinki ya miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Chakula kisikatwe. Akipona, ongeza mlo mmoja kwa siku kwa muda wa wiki mbili.

Katika siku za kawaida, ushauri wangu ni kupunguza wingi wa kinachojaza na kuongeza kinachojenga. Uji uwe mzito, usiomiminika kwenye kijiko. Katika milo yake ya siku nzima pawepo angalau makundi matano ya vyakula, na kimojawapo kisikose: yai, samaki, nyama au maziwa, kwa sababu zinki na madini chuma ya nyama na samaki hufyonzwa kwa urahisi kuliko ya nafaka. Jamii ya kunde, mboga za majani na matunda vina nafasi yao kila siku. Mafuta kijiko kidogo kwenye chakula ni sawa. Sukari ya mama mkwe hapana. Itamnenepesha kweli, bila kumrefusha, nasi tutakuwa na mtoto mfupi mwenye uzito uliozidi, jambo ambalo kwa moyo na sukari yake ya baadaye ni baya zaidi. Mwambie kwa lugha ya heshima kwamba tunataka mifupa, si mafuta. Mwombe muuguzi pia ampime wingi wa damu, na uulize dawa ya minyoo na matone ya vitamini A kama vimempita.

Kuhusu kuchelewa, sitakuficha. Urefu wote uliopotea huenda asiurudishe. Lakini miaka miwili si mlango uliofungwa kwa kufuli. Watoto huendelea kurudisha kiasi fulani baadaye, na ubongo unaendelea kunufaika kwa chakula, na kwa kuzungumzishwa, kuimbiwa na kuchezeshwa pia. Apimwe urefu, si uzito peke yake, kila baada ya miezi miwili au mitatu, na nukta iandikwe kwenye chati. Ninachotaka kuona ni mstari wake ukipanda sambamba na mstari wa chati au ukiusogelea. Ukilala, turudi kutafuta sababu nyingine.

MuuguziWodini

Na usiku huu, kabla hajalala, mbonyeze miguu kama nilivyoeleza. Nitakuwa na amani zaidi.

MamaPendo

Nimembonyeza miguu yote miwili, nikahesabu mpaka tatu polepole. Alicheka akavuta mguu, akidhani ni mchezo. Hakuna shimo lililobaki.

Leo mchana nilirudi kliniki kuomba apimwe mkono pia. Utepe ulisoma milimita 142. Nimemwomba muuguzi yule aniandikie tarehe ya kumpima urefu tena, akaiandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa kadi. Mama mkwe tulikwenda naye. Alimshika mtoto magoti yeye mwenyewe kwenye ubao, akasoma ile 78 kwa sauti, halafu njiani akaniuliza kama mayai mawili kwa siku ni mengi.

AfisaLishe

Mwambie moja linatosha, la pili ale yeye.